Mwenzenu akikamatwa, tafuteni mwenye kalamu

Mtetezi wa haki akikamatwa, grupu la WhatsApp hufunguliwa papo hapo na swali la kwanza huwa hashtegi iwe ipi. Hilo lisubiri. Kinachomtoa mtu ndani ni sahihi ya mtu mmoja kwenye karatasi: polisi anayetoa dhamana ya kituoni, hakimu anayekubali wadhamini, Mkurugenzi wa Mashtaka anayeondoa shauri, au Rais anayesamehe. Mwenye kalamu hubadilika kadiri siku zinavyokwenda, na kampeni nyingi hukwama kwa kuendelea kumpigia kelele mwenye kalamu wa jana.

Nimeandika nikiwa na Tanzania kichwani. Pale mambo ya Kenya, Uganda, Burundi au Kongo yanapotofautiana au yanapotufunza kitu, nitasema.

Hatua ya 1: Jueni yuko wapi

Watu wawili waende vituoni, mmoja akiwa wakili au ndugu wa damu, maana rafiki hujibiwa kaunta kwa kuangaliwa juu mpaka chini. Tajeni jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Kituo kikikana, fungueni taarifa ya mtu aliyetoweka na msitoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi (Kenya ni namba ya OB). Namba hiyo ndiyo itakayowaonyesha majaji kwamba mliuliza, wapi na saa ngapi. Bila hiyo mtafika Mahakama Kuu na maneno matupu.

Wakati hao wanazunguka, mwingine aandike kila kilichoonekana: saa, mahali, aina na rangi ya gari, namba kama ipo, sare au nguo za kiraia, maneno waliyosema. Dereva wa bodaboda aliyekuwa kijiweni anafaa kuliko matamko kumi. Mchukueni maelezo usiku uleule, kabla hofu haijamwingia, na jina lake lisitoke nje ya jalada la wakili.

Msikimbilie kusema "polisi wamemkamata" kama waliomchukua hawakujitambulisha. Semeni amechukuliwa na watu wasiojulikana, na kwamba mnataka polisi waseme kama wanaye. Ndivyo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilivyofanya tarehe 20 Desemba 2019, ofisa wake Tito Magoti alipochukuliwa jijini Dar es Salaam na watu waliovaa kiraia. Kituo kilitangaza ametekwa, na baadaye siku ileile kamanda wa polisi wa Kanda Maalum akajitokeza kusema wao ndio waliomkamata. Mtu ambaye dola imekiri kuwa naye ni vigumu zaidi kupotea. Hayo ni mafanikio ya kampeni, hata kama mtu bado yuko selo.

Saa pia ihesabiwe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kadiri inavyowezekana. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya nayo inasema saa 24, lakini zikiishia nje ya saa za mahakama, husubiri siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana wanaokamata hupenda Ijumaa. Rose Njeri, mtaalamu wa kompyuta aliyetengeneza ukurasa wa kuwawezesha Wakenya kutuma barua pepe za kupinga Muswada wa Fedha, alikamatwa Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, mwisho wa wiki wenye sikukuu ya Madaraka, akafikishwa kortini Jumanne. Wakili asiyepokea simu Ijumaa jioni, tafuteni mwingine mapema.

Hatua ya 2: Familia na wakili ndio wenye mtu

Hakuna tangazo linalotoka kabla mke, mume, mama au ndugu aliyechaguliwa hajakubali. Baadhi ya familia zinataka kelele kuanzia dakika ya kwanza, nyingine zina mjomba serikalini anayeongea na watu na zinaomba masaa machache. Wapeni, lakini mkubaliane saa ya mwisho. Mazungumzo ya mjomba yana tabia ya kuvuta wiki nzima huku mtu akihojiwa bila wakili.

Chagueni msemaji mmoja wa familia na mmoja wa kampeni. Wengine wote, hata walio maarufu, wanarudia yaliyosemwa na hao wawili. Na mkimpata aliyekamatwa kwa dakika tano kupitia wakili, aulizwe mambo matatu: anataka isemwe nini, nini kisisemwe kabisa, na nani asiguswe. Jibu lake linashinda mawazo yenu yote.

Jambo moja la haraka ambalo husahaulika: simu yake iko mikononi mwao. Mwondoeni kwenye magrupu yote, na asiyejua afahamishwe kwamba ujumbe ukitoka kwenye namba hiyo si lazima awe ndiye aliyeuandika.

Hatua ya 3: Kazi ya mahabusu

Haipigwi picha, lakini inamfanya mtu asivunjike. Pangeni zamu ya chakula, na mpelekaji ajue kwamba huenda akaambiwa aonje mbele ya askari. Dawa zipelekwe na cheti cha daktari, na askari aliyezipokea jina lake liandikwe. Akiwa ameumizwa, wakili aombe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, siku hiyohiyo ili atibiwe na majeraha yaandikwe na daktari. Michubuko ya wiki iliyopita haimshawishi mtu.

Wadhamini watafutwe kabla dhamana haijatajwa. Kila mmoja awe na kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake, na jina liwe lilelile kwenye karatasi zote mbili. Nimeona mtu akirudishwa rumande kwa sababu barua ya mdhamini mmoja ilimwita Mohamed na kitambulisho kikamwita Mohammed. Tafuteni wanne hata mkiambiwa wawili wanatosha, kwa sababu asubuhi ya kesi mmoja atakuwa na msiba na mwingine bosi wake atakuwa amemtisha.

Hatua ya 4: Karatasi moja ya ukweli

Kabla ya bango na video, andikeni maelezo yasiyozidi ukurasa mmoja, na kila mtu anukuu humo. Kwa mfano:

"Fulani bin Fulani, mtetezi wa haki za ardhi, alichukuliwa Jumanne saa 11:40 jioni nje ya ofisi yake na watu wanne waliovaa kiraia, wakitumia Land Cruiser nyeupe. Saa 2:15 usiku wakili wake aliulizia katika vituo viwili, vyote vikasema havina mtu huyo. Taarifa imefunguliwa na namba ya RB iko kwa familia. Ana kisukari na hajapata dawa tangu asubuhi. Tunataka Jeshi la Polisi liseme yuko wapi, na limruhusu wakili na dawa leo hii."

Angalieni kilichomo na kisichomo. Kuna saa, kuna idadi, kuna dai linaloweza kutekelezwa usiku huo. Hakuna "utawala dhalimu", si kwa sababu ni uongo, bali kwa sababu askari wa zamu hawezi kuuondoa utawala. Anachoweza ni kupokea insulini. Ugonjwa utajwe tu kama familia imekubali. Kila neno liwe na mtu wa kulithibitisha, kwa maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na chapisho moja la "amefariki" lisilo na ukweli linatosha kuwapeleka wengine watatu ndani na kuifanya familia iwakimbie.

Hatua ya 5: Nani ana kalamu leo

Swali hili liulizwe kila Jumatatu, na jibu liandikwe juu kabisa ya kumbukumbu za kikao.

Akiwa kituoni bila mashtaka, kalamu iko kwa polisi: mkuu wa kituo, mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), mkuu wa upelelezi wa mkoa. Simu, ugeni wa mawakili na waandishi pale getini hufanya kazi hapa. Akishafikishwa mahakamani kwa kosa lenye dhamana, kalamu iko kwa hakimu, na kazi yenu ni wadhamini, si maandamano. Hakimu haandikiwi barua wala hatumiwi hashtegi: mkifanya hivyo mtaambiwa mnaingilia mahakama, na mtakuwa mmempa sababu ya kukaza.

Ugumu uko kwenye makosa yasiyo na dhamana, na kwa Tanzania hayo ni pamoja na utakatishaji fedha. Magoti na mwenzake Theodory Giyan walisomewa mashtaka ya uhujumu uchumi mkesha wa Krismasi wa 2019, utakatishaji ukiwemo, na hapo mlango wa dhamana ukafungwa. Kesi ikawa inatajwa na kuahirishwa, upelelezi haujakamilika, mpaka Januari 2021. Hapa mwenye kalamu ni Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, ambaye anaweza kuondoa shauri wakati wowote kabla ya hukumu. Barua zote, mikutano yote, kila balozi mnayekutana naye, dai liwe moja: DPP alipitie jalada. Lakini siku shauri likiondolewa, wakili na watu wenu wawe ukumbini. Si mara moja wala mbili mtu ameachiwa na mahakama saa nne, akakamatwa upya kabla hajafika kwenye ngazi.

Na msijenge kampeni nzima juu ya kujibu shtaka, kwa sababu shtaka hubadilika. Mwandishi Erick Kabendera alichukuliwa nyumbani kwake Julai 2019, kwanza ikaelezwa ni suala la uraia, kisha akaishia kushtakiwa kwa utakatishaji, kukwepa kodi na kujihusisha na genge la uhalifu. Waliokuwa wamekusanya vyeti vya kuzaliwa vya ukoo mzima ilibidi waanze upya. Semeni alichokuwa anakifanya kabla ya kukamatwa. Hicho hakibadiliki.

Rais yuko mwisho wa foleni, ingawa wengi humwanza yeye. Msamaha wa Rais kikatiba ni wa aliyehukumiwa. Kwa ambaye bado ni mshtakiwa, anachoweza ni kunong'ona, na mnong'ono hauombwi kwa bango.

Hatua ya 6: Wakikana kuwa naye

Nendeni Mahakama Kuu kuomba amri ya kumleta mtu mbele ya mahakama, ile ambayo mawakili huiita habeas corpus. Katiba ya Kenya imeiweka miongoni mwa haki zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote, na Tanzania na Uganda nazo zinayo. Ambatanisheni RB, viapo vya walioshuhudia na orodha ya vituo mlivyozunguka.

Mjue pia kwamba inaweza kugonga mwamba. Bob Njagi na Nicholas Oyoo, wanaharakati wa Kenya, walichukuliwa Kampala tarehe 1 Oktoba 2025. Mawakili walikwenda mahakamani, vyombo vya dola vikakana, na ombi likatupwa. Waliobaki Nairobi hawakulala: wakawa kwenye ubalozi wa Uganda, Chama cha Mawakili kikaibana Wizara ya Mambo ya Nje, majina mawili yakawa yanatajwa kila siku. Tarehe 8 Novemba walikabidhiwa mpakani Busia, siku 38 baadaye, na Rais Museveni mwenyewe akaeleza hadharani kwamba waliwekwa "kwenye friji" kwa siku kadhaa. Ombi lililotupwa halikuwa bure. Mtu aliyekana mbele ya jaji, kisha bosi wake akakiri kwenye televisheni, ametoa ushahidi wa kesi inayofuata.

Hatua ya 7: Barua

Vijana huona barua ni mambo ya kizamani. Amnesty International ilianza na barua mwaka 1961, na mwaka 1973 ikabuni wito wa dharura kwa ajili ya mhadhiri mmoja aliyekamatwa Brazil, Luiz Rossi. Njia hiyo bado inatumika kwa sababu barua lazima ipokelewe masjala, igongwe muhuri, iwekwe kwenye jalada na mtu aisome. Chapisho la mtandaoni halina masjala.

Barua nzuri ni fupi, ina adabu, na inaandikwa na mtu mwenye jina na kazi:

"Mkurugenzi wa Mashtaka,
YAH: Shauri namba …, Jamhuri dhidi ya …
Mimi ni mwalimu wa sekondari, mkazi wa Tanga. Mshtakiwa katika shauri hili yuko rumande tangu mwezi Machi, na kila linapotajwa mahakama huelezwa kuwa upelelezi haujakamilika. Naomba ofisi yako ipitie jalada na, kama ushahidi haupo, iliondoe shauri mahakamani. Naomba pia aonwe na daktari wake. Natanguliza shukrani."

Basi. Msiwape watu barua moja ya kunakili. Wapeni mambo manne ya kutaja na kila mmoja aandike kwa maneno yake. Barua mia zinazofanana huhesabiwa kama moja. Barua ishirini kutoka kwa mchungaji, shehe, nesi, mvuvi na mwenyekiti wa kikoba haziwezi kuitwa kazi ya mabeberu. Nakala pelekeni kwa mkono mkasainiwe kwenye dispachi.

Hatua ya 8: Mtaani na mtandaoni

Burundi mwaka 2014, mzee Pierre Claver Mbonimpa wa shirika la APRODH alikamatwa mwezi Mei na kuwekwa gereza la Mpimba, baada ya kusema redioni kwamba vijana wa nchi hiyo wanapewa silaha na mafunzo huko Kongo. Kuandamana kulikuwa hatari. Watu wakaanza kuvaa kijani kila Ijumaa, rangi ya sare za wafungwa. Mama muuza nyanya alivaa kijani, karani wa benki alivaa kijani, na hakuna askari anayeweza kumkamata mtu kwa shati. Mwishoni mwa Septemba mzee akaachiwa kwa sababu za afya. Katika kampeni zote za ukanda huu hiyo ndiyo ninayoihusudu, kwa kuwa ilimpa mwoga nafasi ya kushiriki. Ombeni watu kitu kidogo ambacho hata mtumishi wa serikali anaweza kukifanya bila kupoteza kazi.

Mtandaoni, kumbukeni kwamba X imefungiwa Tanzania tangu Mei 2025, na VPN zilitakiwa kusajiliwa kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, tangu 2023. Kelele za X zinawafikia mabalozi na Wakenya. Mtu wa Mbagala yuko WhatsApp, TikTok na redioni. Tengenezeni sauti ya dakika moja, kwa Kiswahili cha kawaida, inayoweza kusambazwa bila kutaja aliyeirekodi. Picha za waliohudhuria mahakamani zifichwe sura isipokuwa za waliokubali.

Wanasiasa watakuja. Wapokeeni, washukuruni, msiwape kipaza sauti kabla ya familia. Na fulana ziwe na sura ya aliyefungwa tu, bila nembo kumi na mbili za mashirika mgongoni.

Hatua ya 9: Milango ya nje, na ule wenye saa

Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, inapokea shauri kutoka kwa mkazi yeyote wa nchi mwanachama, na hailazimishi kumaliza kwanza mahakama za ndani. Ila ina muda wa miezi miwili tu tangu kitendo kitokee au mkijue. Miwili. Kampeni nyingi hugundua hilo mwezi wa tano. Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda, wanaharakati waliokamatwa Dar es Salaam Mei 2025 walipokwenda kufuatilia kesi ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu, walifungua shauri lao huko Julai mwaka uleule.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapohapo Arusha, lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuipeleka huko moja kwa moja, kwa hiyo msipoteze nauli. Andikieni badala yake Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Banjul, ambayo ina ripota maalumu wa watetezi wa haki, na Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wanaoshikiliwa kiholela, kilichoko Geneva, ambacho hakidai mmalize kwanza rufaa za nyumbani. Geneva hutaka ridhaa ya mhusika au familia, hivyo ipatikane kwa maandishi mapema. Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania, THRDC, na shirika la DefendDefenders la Kampala wanajua fomu hizi. Wapigieni kabla ya kuanza kuzijaza wenyewe.

Hatua ya 10: Ikivuta miezi

Huko Kongo, Fred Bauma wa LUCHA, vuguvugu la vijana la Goma, na Yves Makwambala walikaa ndani tangu Machi 2015 hadi Agosti 2016. Kampeni ya miezi kumi na saba haiendeshwi kwa hasira. Wekeni kalenda ya tarehe za kesi, na hata kesi inapotajwa tu kwa dakika tatu mahakama ya Kisutu, watu watano wawe benchi la nyuma. Mahabusu akigeuka akiwa kizimbani huwa anahesabu.

Fedha ziwe na mweka hazina, mtia sahihi wa pili na taarifa ya kila mwezi kwa familia. Ada za watoto na kodi ya nyumba zitangulie mabango.

Halafu kuna makubaliano na DPP, ambayo sheria ya Tanzania iliyaruhusu rasmi mwaka 2019: mtu anakiri, analipa, anatoka. Magoti na mwenzake walitoka hivyo, wakitakiwa kulipa shilingi milioni 17.3. Kabendera naye alitoka hivyo Februari 2020. Msije mkamwambia aliye gereza la Segerea akatae ili kampeni ishinde. Yeye ndiye anayelala pale, na akiamua kukiri, kazi yenu ni kuchanga haraka na kufunga midomo ya wanaomwita msaliti.

Hatua ya 11: Siku ya kutoka

Gari moja, dereva anayejulikana, njia mbili zilizopangwa. Daktari kwanza, familia pili, waandishi kesho yake kama atataka. Asilale nyumbani kwake usiku huo kama wakili ana wasiwasi. Mbonimpa aliachiwa Septemba 2014, na Agosti mwaka uliofuata alipigwa risasi Bujumbura, aliponea chupuchupu.

Ombeni orodha ya vitu vilivyochukuliwa na mvidai kwa barua: simu, kompyuta, pasipoti. Simu ikirudi asiiwashe mpaka mtu wa usalama wa kidijitali aiangalie. Kama ametoka kwa dhamana, tarehe ya kesi inayofuata iandikwe kwenye simu za watu watatu, na wadhamini wapigiwe siku mbili kabla, kwa sababu asipotokea mahakamani wao ndio watakaoitwa.